Goti Hulipa Deni la Pasi Mbaya

Watu wanaokuja kutazama voliboli hutazama juu. Mpira uko juu, mikono iko juu, na wavu wetu wanawake umefungwa mita 2.24 kutoka chini, kwa hiyo shingo ya mtazamaji haina hiari. Mimi nilicheza pembeni, namba nne, katika klabu za huku Pwani ya Kenya, kisha nikageukia ukocha: kwanza wasichana wa sekondari, sasa klabu ya watu wazima. Kadiri miaka ilivyosonga, macho yangu yalizidi kushuka. Siku hizi smashi ikishapigwa mara nyingi sioni hata mpira umeangukia wapi. Benchi likinyanyuka kushangilia ndipo najua tumepata pointi. Ninachotazama ni miguu ya aliyepiga inavyorudi chini.

Wasichana niliowaona wakiumia goti vibaya, wale walioishia kwenye magongo na kwenye upasuaji, hakuna aliyeumia akipanda. Wote waliumia wakishuka, na wengi hawakuguswa na mtu. Mechi ilikuwa imeshakwenda mbali, jasho limelowesha jezi, na kila mtu uwanjani alikuwa akimwambia mwenzake asilegee.

Msichana wa kilo 65 akishuka kutoka kwenye smashi, ardhi humrudishia nguvu inayoweza kufika mara tatu au nne ya uzito wake, wakati mwingine zaidi. Nguvu hiyo inatakiwa igawanywe: kifundo kipokee chake, goti lipokee chake, nyonga ipokee sehemu kubwa kwa sababu ndiko iliko misuli mikubwa. Mgao ukiharibika, goti hubeba la wenzake. Ndani ya goti kuna ukano ambao kila mchezaji anaujua kwa herufi zake tatu, ACL, unaozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Watafiti waliochambua video za wachezaji wanawake wa mpira wa mikono na wa kikapu waliokatika ukano huo walikadiria kwamba uharibifu hutokea milisekunde 40 hivi baada ya mguu kugusa chini. Hapo hakuna nafasi ya kujirekebisha. Misuli ambayo haikuwa imejikaza ukiwa bado hewani haitawahi kufika kazini.

Uchovu huingilia hapo hapo.

Mwanzoni mwa mechi, binti aliyefundishwa vizuri hutua hivi: vidole kwanza, kisigino baadaye, miguu yote miwili pamoja, magoti yanakunjika yakielekea zilikoelekea ncha za viatu, nyonga zinarudi nyuma, kifua kinainama mbele kidogo. Sauti yake ni ndogo. Seti ya nne mtazame huyo huyo. Visigino vinapiga saruji. Magoti yamenyooka kama aliyeshuka kwenye matatu bila kujua gari limeshasimama. Goti moja, mara nyingi la kushoto, linachungulia ndani kumtafuta mwenzake. Kiwiliwili kimelala upande. Na mguu mmoja umetangulia, mwingine unafuata nyuma kama uliosahauliwa.

Kilichonichukua muda kukubali ni kwamba kuruka kwenyewe kunakuwa bado kupo. Tulikuwa na desturi ya kupima kimo kwa chaki ukutani, binti anapaka vidole, anaruka, anaacha alama. Baada ya mazoezi magumu nilitarajia alama zishuke sana. Zilishuka kidogo tu, na kwa wengine hazikushuka. Ukipima uchovu kwa kuruka utasema timu iko sawa. Nadhani sababu ni nyepesi: kuruka ni kitu ambacho mtu anakitaka. Kuna mpira wa kuufuata, kuna pointi, kuna mama yake jukwaani. Kutua hakuna anayekutaka. Mkono ukishagusa mpira, akili imeondoka na mpira, na mwili unaachwa ushuke wenyewe na kile ulichobakisha.

Na kinachobaki huwa ni paja la mbele. Misuli ya nyuma ya paja, ambayo kazi yake moja ni kuuvuta muundi urudi nyuma na hivyo kuusaidia ule ukano, huchoka na kuchelewa. Misuli ya matako, inayolizuia paja lisijisokote kuelekea ndani, nayo huchelewa. Paja la mbele linaendelea kuvuta kwa nguvu zake zote, na likivuta wakati goti limenyooka huusukuma muundi mbele, kule kule ambako ukano unakataza. Nilieleweshwa haya na mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuwa akimtibu mchezaji wangu. Alichora goti kwenye upande wa nyuma wa risiti ya duka la dawa, na tangu siku hiyo niliacha kuwaambia wasichana "imarisheni magoti". Goti halina misuli yake. Linategemea majirani wa juu na wa chini.

Wengine watakuambia uchovu humfanya kila mtu atue akiwa amesimama wima kama mti. Uwanjani sikuona hivyo, na tafiti za maabara nazo hazikubaliani: baadhi zimewakuta wachezaji wakikunja magoti pungufu ya kawaida wanapochoka, nyingine zimewakuta wakikunja zaidi, kutegemea wamechoshwa kwa namna gani na kwa muda gani. Mimi nimefundisha aina zote mbili. Wapo wanaokakamaa, nao ndio wanaonitia hofu. Wapo wanaozama: wanatua, magoti yanakwenda chini mno, wanakaa huko kama wanaoshauriana kama wainuke au la. Hawa kwa sasa goti lao linaonekana salama, ila mpira unaorudi unawakuta bado wapo chini, wanaruka wa pili kwa pupa, na huo wa pili ndio unaotua vibaya. Mtu anayefundisha timu inafaa amjue kila mchezaji wake yuko kundi gani. Ukiwasemesha wote "kunja magoti!" nusu yao unawapotosha.

Liko pia suala la kichwa. Kuna jaribio lililochosha mguu mmoja tu wa wanariadha wanawake, kisha wakapimwa wanavyotua kwa mguu wa pili, ambao haukuchoshwa. Huo nao ulikuwa umebadilika. Mtaalamu yule aliponisimulia sikushangaa, maana nilikuwa na mchezaji wa kati ambaye miguu yake haikuwa na tatizo lolote, lakini akishakuwa na seti mbili za kukisia seta, yaani mpangaji wa mipira, wa upande wa pili atampa nani mpira, anaanza kutua hovyo. Mchezaji wa kuzuia wavuni anashuka huku anaamua: nigeuke kulia, nirudi nyuma, au niruke tena papo hapo? Uamuzi na kutua vinagombania sekunde moja.

Haya yote mtu anaweza kuyafahamu kwa kusoma. Lile nililolipata uwanjani ni jingine, na kwangu ndilo kubwa: uchovu unaovunja goti si lazima uwe wa mwenye goti.

Ilikuwa ligi, saa nane mchana, Februari. Anayeijua Pwani mwezi huo hahitaji kuelezwa. Saruji ilikuwa imeiva, na upepo wa kaskazi ulikuwa unapuliza joto badala ya kulipunguza. Tulikuwa seti ya tatu. Libero wangu, yule mchezaji wa nyuma ambaye kazi yake ni kupokea na kulinda tu, alikuwa amepokea servisi tangu asubuhi, kwa sababu ilikuwa mechi yetu ya pili siku hiyo, na wapinzani walikuwa wamemlenga yeye na namba nne wetu makusudi. Hapigi smashi, hazuii, kwa hiyo hakuna aliyemhesabu kuwa amechoka. Lakini nilimwona ameacha kuhamisha miguu. Servisi ikija hatua moja kushoto kwake, badala ya kwenda alikuwa ananyoosha mikono. Pasi ikatoka chafu, ikaishia karibu na mstari wa mita tatu. Seta akakimbia, akaufikia akiwa anaanguka, akaupeleka nje kwa nguvu alizoweza. Namba nne alikuwa ameshaanza hatua zake za kukimbilia, maana mdundo wa hatua zile ukishaanza hauzuiliki kirahisi. Akaruka. Mpira ulikuwa nyuma ya bega lake la kushoto. Akajipinda kuufuata, akaupiga vizuri ajabu, watu wakapiga kelele, na akashuka kwa mguu wa kushoto peke yake, goti karibu limenyooka, kiwiliwili chote kimelalia nje.

Goti halikukatika. Alichechemea hatua chache, akanyoosha kidole gumba kunionyesha yuko sawa. Lakini mimi nilikuwa nimeiona njia yote: miguu ya libero, mbio za seta, bega la namba nne, goti lake. Uchovu wa mmoja ulisafiri mita tisa ukaishia kwenye mwili wa mwingine.

Tangu hapo daftari langu lina safu mbili. Ya kwanza ni ile ambayo makocha wengi wanayo, alama ya pasi kutoka sifuri hadi tatu, tatu ikiwa ile inayomkuta seta amesimama mahali pake. Ya pili ni yangu: aliyepiga ametua kwa miguu miwili au mmoja. Ukiziweka ubavuni, huhitaji hesabu ya chuo kikuu. Pasi za tatu zinafuatwa na miguu miwili. Pasi za moja zinafuatwa na mguu mmoja, na mpigaji wa mkono wa kulia hushukia wa kushoto. Mwisho wa seti safu zote mbili zinaharibika pamoja.

Kwa hiyo mambo mengi niliyoyabadilisha kwa ajili ya magoti ya washambuliaji hayakuwahusu washambuliaji. Libero na wapokeaji ndio niliowaongezea mazoezi ya miguu na ndio ninaowapa maji na kivuli kwanza. Seta nilimwambia pasi ikiharibika asijaribu mpira wa haraka. Apeleke mrefu, wa juu, mbali kidogo na wavu, ili anayeupiga apate muda wa kujipanga chini yake. Na mshambuliaji nilimpa ruhusa ambayo kwetu haipendwi: mpira ukiwa nyuma yako, usiuue. Uviringishe kwa kiganja mpaka kona ya nyuma, au urudishe tu ng'ambo huku miguu iko chini, tukazuie. Jukwaa litazomea, nalo halina goti lako. Ilibidi nirudie sana maneno hayo, kwa sababu mchezaji aliyelelewa kwa kushangiliwa kwa smashi huona kurudisha mpira mwepesi ni woga.

Wachezaji wa kati wana shida yao. Hawa wanaruka kuliko yeyote ukiacha seta anayepanga akiwa hewani, na miruko yao mingi haiandikwi popote. Anaruka kudanganya kwamba mpira wa haraka unamjia, haupati. Anaruka kuzuia katikati, mpira umekwenda pembeni. Anakimbilia pembeni, anaruka tena. Mechi za wanawake mipira hukaa hewani muda mrefu zaidi kabla pointi haijafa kuliko za wanaume, kwa hiyo pointi moja inaweza kumchukua miruko minne. Libero akiingia badala yake nyuma ndipo anapumua, na nikiwa sekondari niliona makocha wanaomwacha mchezaji wa kati acheze nyuma pia kwa sababu tu "ana servisi nzuri".

Akichoka, mchezaji wa kati huacha kupiga hatua za mwisho kumfikia mwenzake wa pembeni. Anazifidia kwa kuruka ubavu. Anakwenda juu na upande kwa pamoja, na anashukia asikojua. Sheria ya mchezo inamruhusu mtu kuingiza sehemu ya mguu ng'ambo ya mstari wa kati ilimradi sehemu nyingine ibaki juu ya mstari au usawa wake, kwa hiyo chini ya wavu kuna viatu vya timu mbili vinavyopishana kihalali. Anayeshuka upande hushukia kiatu cha mtu. Kifundo cha mguu ndicho kinachoongoza kwa majeraha ya ghafla katika voliboli, na sehemu kubwa ya majeraha hayo hupatikana hapo, chini ya wavu. Dawa yake ni hatua. Namwambia: afadhali uchelewe ukiwa umesimama wima kuliko uwahi ukiwa unaelea.

Uchovu wenyewe unatoka wapi? Ukiniuliza mimi, kwa wasichana wa shule, nusu unatoka jikoni na nusu kwenye ratiba. Mashindano ya muhula wa pili yanabanwa katika siku chache. Timu inasafiri usiku, inalala darasani juu ya magodoro yaliyopangwa sakafuni, inaamka kunywa chai ya rangi na mkate, saa mbili asubuhi iko uwanjani. Mechi ya pili inakuja wakati chakula cha mchana bado kiko tumboni au bado kiko sufuriani. Siku ya tatu kila mtu anasema wasichana wamepoteza ari. Hawajapoteza ari. Hawana wanga kwenye misuli na hawana usingizi. Nilijifunza kubeba ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, na kutembea na chupa ya maji yenye sukari na chumvi kidogo, hata kama wenzangu waliniita Mama Kibanda.

Jambo la damu nalo lisemwe wazi. Binti anayepoteza damu nyingi kila mwezi na anayekula maharagwe na sukuma wiki huku akishushia na chai, ambayo huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri, anaweza kuwa na upungufu wa damu bila kujua. Atakuambia anasikia uzito wa miguu. Mwanzoni hawakuwa wakiniambia. Nilipoanza kuuliza kama ninavyouliza habari za kifundo au bega, bila kunong'ona, walianza kusema. Wawili niliwapeleka zahanati wakapimwa na kupewa vidonge, na mazoezi yao yalibadilika kabla sijagusa chochote kingine.

Sasa hili la "magoti ya wanawake ni dhaifu". Nimelisikia kutoka kwa makocha, kutoka kwa baba za wasichana, hata kutoka kwa wachezaji wenyewe. Ni kweli kwamba katika michezo ya kuruka na kugeuka wanawake hukatika ACL mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na tafiti nyingi zinaweka tofauti hiyo kati ya mara mbili na mara nane. Watu hutaja upana wa nyonga, hutaja homoni, na huko mjadala unaendelea. Lakini mwaka 2005 nchini Marekani ilichapishwa kazi ambayo kwangu inamaliza sehemu ya ubishi. Timothy Hewett na wenzake waliwapima wasichana 205 wa soka, kikapu na voliboli wakiruka kutoka kwenye sanduku, kisha wakawafuatilia msimuni. Tisa walikatika ukano. Nguvu iliyokuwa ikisukuma magoti yao kuelekea ndani walipokuwa wakitua, kabla hawajaumia, ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao. Kutua ni kitu kinachoonekana, na kinachoonekana kinafundishika. Mazoezi ya kuzuia majeraha, ya dakika 15 hadi 20 ndani ya kupasha misuli moto, yamepunguza kukatika kwa ukano huo kwa wanariadha wanawake kwa karibu nusu.

Kisha jiulize wasichana hao walipewa nini. Katika shule moja niliyofundisha kulikuwa na chumba cha vyuma vya kunyanyua, na ufunguo ulikaa kwa timu ya soka ya wavulana. Tulipoomba tuliambiwa wasichana wataota misuli. Tukaenda kwa fundi wa baiskeli tukanunua tyubu zilizotobolewa. Ukiikata tyubu na kuifunga juu kidogo ya magoti, kisha ukatembea ubavu umechuchumaa nusu, matako yatakuambia kama yapo au hayapo. Kwa nyuma ya paja hatukuhitaji chochote: mmoja anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, naye anajishusha mbele polepole mwili umenyooka mpaka mikono impokee. Mara za kwanza wanaanguka kama magunia. Baada ya wiki kadhaa wanashuka kwa heshima.

Huwa nafurahi nikikumbuka kwamba mwanamke aliyekuwa akisimamia utimamu wa mwili wa Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, kwenye Olimpiki ya Paris 2024, marehemu Janet Wanja, alikuwa mwenyewe seta wa timu hiyo Athens mwaka 2004. Alijua kwa miguu yake kile alichokuwa akiwaambia. Alitutoka Desemba ya mwaka huo huo wa Paris, na nafasi za namna ile zinahitaji wanawake wengi zaidi waliocheza.

Namna ya kupima niliirahisisha. Fundi seremala alinitengenezea sanduku la urefu wa sentimita 30. Binti anashuka kutoka juu yake, anatua, papo hapo anaruka juu kwa nguvu zake zote. Simu mbili naziegemeza kwenye viatu vilivyovuliwa, moja mbele yake, nyingine ubavuni, video ya mwendo wa polepole. Kwenye kila goti nabandika kipande cha plasta nyeupe. Tunafanya kabla ya mazoezi na tunarudia baadaye, miruko michache tu, kwa sababu kumwangusha mtu aliyechoka kutoka juu ili nione kama ataumia ni ujinga. Kisha tunakaa chini ya mwembe tunatazama. Binti mmoja aliona plasta zake mbili zikikaribiana mpaka zikakaribia kugusana, akanirudishia simu.

"Kocha, huyu si mimi."

"Ni wewe, saa kumi na moja."

"Mbona saa tisa sikuwa hivi?"

Swali lake lilinifaa kuliko hotuba yoyote ambayo ningempa. Kuanzia siku hiyo alikuwa akija mwenyewe kuomba apigwe video.

Kufundisha kutua tunaanza nako mapema, mwili ukiwa safi, kwa sababu mtu aliyechoka hajifunzi umbo jipya, anarudia la zamani. Mwishoni mwa mazoezi nawapa kidogo tu wakiwa wamechoka, na kosa la kwanza likitokea tunafunga. Maelekezo marefu kuhusu pembe za goti niliyaacha. Ninachotumia ni sauti. Wanaosubiri zamu wanageuka kuupa wavu mgongo, mmoja anaruka na kutua, na wao bila kumwona wanataja: "Safi!" au "Mzito!" Wana masikio makali kuliko mimi. Wanaweza kukuambia aliyetua ni nani, na kwamba mguu wa kushoto umetangulia.

Mambo ya viatu nitayapita haraka: soli ikishakuwa ngumu kama kigae, tupa. Tepu ya kifundo husaidia kwa aliyewahi kuteguka.

Kigumu kuliko vyote kinabaki kumtoa uwanjani mtu ambaye bado anafunga pointi. Sheria inakupa mabadiliko sita kwa seti, yanatosha kabisa. Zinazokosekana ni roho za kuyatumia. Nakumbuka nahodha wangu, seti ya nne, tuko 18 kwa 19. Alikuwa ametoka kupiga smashi mbili za pointi, na mara zote mbili alikuwa ametua kwa mguu wa kushoto ilhali pasi zilikuwa nzuri. Hilo la pasi ndilo lililonitisha. Deni la mwingine halikuwepo tena. Lilikuwa lake mwenyewe. Nikaomba mapumziko.

"Sijachoka, Kocha."

"Najua hujisikii umechoka."

"Basi niache nimalize."

"Keti pointi tatu, kunywa maji, nitakurudisha."

Aliketi akiwa amenuna, kitambaa kichwani. Mwenyekiti wa klabu alisimama nyuma ya benchi akisema kwa sauti ya kutosha kwamba makocha wa kike wana huruma za kinyumbani. Tulikwenda 20 kwa 22, nikamrudisha, na seti tukaipoteza. Mechi pia. Jioni ile nililaumiwa vya kutosha, na sijui kama angebaki tungeshinda. Ninachojua ni kwamba alicheza mechi ya kesho yake na zote zilizofuata msimu ule.

Mwaka uliofuata makocha wachache tulikwenda kwa waandaaji wa mashindano ya kaunti na ombi moja: timu isicheze mechi ya pili kabla ya saa nne kupita tangu ya kwanza kuisha, na mechi za saa saba hadi saa tisa mchana ziondolewe kwenye viwanja vya nje. La pili walikataa, wakisema giza litatukuta. La kwanza wamekubali kwa upande wa wanawake, kwa majaribio, na wametupa mapumziko ya saa tatu.